Mwamuzi na Mchezaji Aliyesahau

Voi ni mji wa njia panda. Reli ya Mombasa na Nairobi yapita hapa, na barabara ya kwenda Taveta hutengana hapa hapa. Basi barazani hukaa pamoja Mtaita, Mswahili wa Mvita na mgeni wa bara, kila mmoja na kanuni za mchezo alizokua nazo. Ndipo huzuka ugomvi ambao chanzo chake ni kete au karata tu, lakini huweza kuwanunisha majirani mwezi mzima: mchezaji amesahau jambo, na mwamuzi ameliona. Je, aseme au anyamaze?

Kamari siizungumzii, hiyo ni haramu na hukumu yake yajulikana. Nasema juu ya mchezo wa jioni, na mashindano ya vijana yenye mwamuzi.

Wako wasemao kwamba mwamuzi mwadilifu hunena kila alionalo. Hutoa mfano wa swala: imamu akisahau, maamuma husema "Subhanallah". Mfano ni mzuri, ila hauko mahali pake. Katika swala safu nzima ina lengo moja, na kosa la imamu lawahusu wote. Mchezoni wako wawili wanaoshindana, na kukumbuka ni sehemu ya ushindani wenyewe. Amkumbushaye mmoja amempunja wa pili.

Mfano ufaao zaidi uko kwa kadhi. Wanazuoni wa fikihi wametenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Deni la mtu, mwenyewe asipolidai, kadhi hamdaii, akilisamehe, limekwisha. Lakini iguswapo haki ya Mwenyezi Mungu, hangojewi mdai. Mwamuzi naye na apime hivyo: lililosahauliwa ni haki ya mchezaji, au ni wajibu wake?

Tazama bao. Mchezaji mwenye nafasi ya kula ni lazima ale; hana ruhusa ya kutakata. Akitakata kwa kusahau, kete zimekwenda pasipo pake, na kinachoendelea si bao tena. Hapo mwamuzi aseme mara moja. Dama ni vivyo hivyo. Zamani kete iliyosahau kula iliweza kuondolewa na mpinzani iwe adhabu. Kanuni rasmi za mashindano zimeiacha adhabu hiyo, na kula kumebaki lazima.

Katika karata za vijana wetu, akaribiaye kumaliza hutakiwa kutangaza "niko kadi" ili wenzake wajihadhari. Onyo hilo ni haki ya wenzake na wajibu wake yeye. Mwamuzi asimkumbushe kabla. Lakini akitaka kumaliza bila kutangaza, amzuie.

Hata mashindano makubwa ya karata za kukusanya, kama Magic: The Gathering, mchezo alioubuni Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, yamefikia mkataa wa namna hiyo. Karata hizo zina maandishi yaamuruyo jambo litendeke, mathalani kila zamu ianzapo. Mchezaji akisahau lenye faida kwake, mpinzani halazimiki kumkumbusha, na mwamuzi atazamaye hunyamaza. Akisahau lenye hasara kwake, mwamuzi huingilia na kumwonya. Na akijisahaulisha makusudi, huo ni udanganyifu, na hutolewa mashindanoni.

Yupo atakayeuliza: je, mtoto anayejifunza naye aachwe apoteze? Hasha. Palipo na mafunzo, mkumbushe hata mara kumi, kwani hapo mnamlea mchezaji, hamtafuti mshindi. Lakini jambo hilo lijulikane kabla ya mchezo. Mwamuzi aliyemkumbusha mpwawe jana na kumnyamazia mtoto wa jirani leo ameharibu zaidi ya mchezo mmoja.

Kwa hiyo, kabla kete ya kwanza haijachezwa, mwamuzi na atamke mbele ya wote ni yapi atakayoyasema na yapi atakayoyanyamazia, kisha asimame hapo hapo hadi mwisho. Na mtazamaji, ambaye hakupewa uamuzi na mtu, hana la kusema katika yote mawili. Kazi yake ni kutazama.