Watoto Nyuma ya Kashfa ya Chanjo

Jarida la Lancet lilipoifuta makala ya daktari Andrew Wakefield mwezi Februari 2010, wengi walihesabu kwamba kashfa imekwisha. Makala hiyo ya 1998, iliyohusu watoto 12 waliopimwa katika Hospitali ya Royal Free, London, ndiyo iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano wowote. Chanjo ikasafishwa jina; yaliyowapata watoto hayazungumzwi sana.

Baraza la madaktari la Uingereza liliyaweka wazi. Baadhi ya watoto hao waliingizwa mpira wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo, na wengine wakachomwa sindano mgongoni kutolewa maji ya uti wa mgongo. Baraza liliona kwamba vipimo kadhaa havikuwa na sababu ya kitabibu wala kibali cha kamati ya maadili. Watoto wasio na usonji nao hawakusalimika: kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, Wakefield alipanga wageni wadogo watolewe damu ya kulinganishia, kila mmoja akapewa pauni 5. Baadaye alisimulia tukio hilo jukwaani kwa mzaha. Mei 2010 alifutiwa usajili wa udaktari.

Mwenzake katika utafiti huo, Profesa John Walker-Smith, alifutiwa pia, ila Mahakama Kuu ilimrudishia haki yake mwaka 2012. Ubishi ulikuwa huu: vipimo vile vilikuwa tiba au utafiti? Tiba huhitaji uamuzi wa daktari na ridhaa ya mzazi. Utafiti hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili. Jaji aliona baraza halikuchunguza ipasavyo nia ya daktari huyo. Kisheria hoja inasimama. Kwa mtoto aliyelazwa ubavu akingoja sindano, nia ya daktari haipunguzi maumivu.

Wazazi si wa kulaumiwa hapa. Kwa miaka mingi wataalamu kama Bruno Bettelheim waliwasingizia akina mama kuwa ubaridi wao ndio chanzo cha usonji. Waliodharauliwa hivyo walipompata daktari wa kuwasikiliza, walitia saini upesi, na saini ya upesi ni kinga dhaifu kwa mtoto.

Ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusaidiwa kuyatoa. Mtoto asiyesema hukataa kwa kujikunyata, kupiga kelele au kusukuma mkono wa muuguzi, na mara nyingi kukataa huko huhesabiwa kuwa dalili tu ya usonji. Kamati za maadili zinapaswa kuuliza mapema ni ishara zipi zitakazosimamisha kipimo, nani atazisoma, na kuwaweka watu wazima wenye usonji miongoni mwa wajumbe wanaoamua.