Georgia 1921: mkataba na jirani haukumaliza hata mwaka

Kila tarehe 25 Februari, bendera hushushwa nusu mlingoti huko Georgia, inchi ndogo ya milima ya Caucasus. Wanainchi wanakumbuka siku ile ya mwaka 1921 jeshi jekundu la Urusi lilipoteka mji mkuu, Tbilisi. Jamhuri yao ilikuwa haijatimiza miaka mitatu.

Georgia ilitangaza uhuru tarehe 26 Mei 1918. Serkali ya Noe Zhordania ilikuwa ya wasoshalisti waliochaguliwa kwa kura, wapinzani wa Wabolsheviki wa Lenin. Tarehe 7 Mei 1920, Moscow ilitia saini mkataba: ilitambua uhuru wa Georgia na kuahidi kutoingilia mambo yake. Lakini kulikuwa na sehemu ya siri. Georgia ilikubali kuacha Wabolsheviki wafanye kazi yao kwa uwazi ndani ya inchi.

Wakati huo mzunguko ulikuwa unafungwa. Azerbaijan ilikuwa imeanguka mikononi mwa jeshi jekundu mwezi Aprili 1920. Armenia ilifuata mwisho wa mwaka.

Waasi kwanza, jeshi nyuma yao

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Februari 1921, uasi ulianza Lori, eneo lililogombaniwa na Georgia na Armenia. Waasi waliunda kamati yao na kuomba musaada wa Moscow. Tarehe 16, jeshi la 11 la Urusi lilivuka mpaka. Kwa nje, Moscow ilisema ni ugomvi wa Georgia na Armenia, na ikajitolea kuwa mpatanishi.

Ukweli ni kwamba Lenin alisitasita, akiogopa Uingereza. Waliomsukuma ni Stalin na Ordzhonikidze, wote wawili wazaliwa wa Georgia. Aliyefungulia jirani mlango alikuwa mtoto wa nyumba.

Dunia ilitazama

Shirika la Mataifa lilikataa kupokea Georgia mwezi Desemba 1920. Mataifa makubwa yaliyoshinda vita yaliitambua tarehe 27 Januari 1921, lakini hayakutuma jeshi kuitetea. Uturuki nayo ilichukua Artvin na Ardahan. Tarehe 16 Machi, Uingereza ilitia saini mkataba wa biashara na Moscow. Siku hizo hizo, serkali ya Zhordania ilikuwa Batumi, ikipanda meli kwenda uhamishoni.

Kwa watu wa Kivu, ambao wameona saini zikitiwa huku mapigano yakiendelea, somo la kwanza liko wazi: mkataba usio na mtu wa kuusimamia haulindi mpaka.

Lakini kuna somo la pili. Tarehe 21 Februari 1921, adui akiwa karibu na mji, wabunge wa Georgia walipitisha katiba. Haikusimamisha jeshi lile. Uasi wa 1924 nao ulizimwa kwa damu. Hata hivyo, tarehe 9 Aprili 1991, Georgia haikusema inazaliwa upya. Ilisema inarudisha uhuru uliotangazwa 1918.

Uhuru huo bado haujakamilika: tangu vita vya 2008, Urusi inatambua Abkhazia na Ossetia Kusini kama inchi za pekee, na askari wake wako huko. Lakini karatasi za 1918 na 1921 zilifanya kazi moja kubwa. Zilizuia uvamizi usigeuke kuwa haki.