Mbwa ni wangu, meno ni ya mtaa mzima

Mpenzi msomaji, juma hili tuwaache kidogo kina fulani na mambo yao. Mwenye kashfa leo ni mimi mwenyewe.

Nyumbani kwangu Tandika nafuga mbwa. Nilimchukua akiwa kitoto na nikampa jina Hayawahusu. Nyie mnaokaa uswahilini mnanielewa. Ukimwita mbwa wako asubuhi kwa sauti, ujumbe unawafika wanaohusika bila wewe kugombana na mtu. Kina mama wana khanga zao, mimi nina mbwa.

Basi Jumapili moja jioni watoto walikuwa wanacheza chandimu nje. Mpira ukaingia uani kwangu. Mtoto wa Mama Shani, kijana wa miaka 7, akaufuata. Hayawahusu alikuwa ameshinda kwenye mnyororo kutwa nzima na jua lake, nami ndiyo kwanza nimemfungulia. Kabla sijafungua mdomo, meno yalikuwa yameshazama mkononi kwa mtoto.

Patashika yake usiombe! Mmoja kaleta mafuta ya taa, mwingine anataka manyoya ya mbwa huyohuyo yachomwe, majivu yapakwe kwenye jeraha. Bahati nzuri mtaani kwetu yupo bibi mmoja, nesi mstaafu. Akawafukuza wote, akamkalisha mtoto kwenye bomba, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dakika 15 nzima, anaangalia saa. Alipomaliza akasema, “Sasa apelekwe hospitali.”

Mama Shani akanigeukia. “Baba Neema, mbwa wako amechanjwa?”

Watu wamenizunguka, macho yote kwangu. Nikajibu, “Amechanjwa, Mama Shani. Kadi iko ndani.”

Uongo mtupu! Mbwa yule hakuwahi kuiona sindano tangu azaliwe. Lakini ungekuwa wewe, mbele ya umati ule, ungesemaje? Mama Shani akashusha pumzi. Hela ya hospitali hakuwa nayo, na kama mbwa kachanjwa, basi akaona hakuna haraka. Akamchukua mwanawe wakaenda kulala.

Mimi sikulala. Usiku wa manane Mama Neema akaniuliza taratibu, “Baba Neema, kadi gani hiyo uliyoisema?” Nikageukia ukutani.

Alfajiri nikamfunga Hayawahusu kamba na kitambaa mdomoni, tukaenda kwa daktari wa mifugo. Bajaji tatu zilitukataa, ya nne ikatubeba kwa nauli mara mbili. Tukamkuta daktari binti mdogo tu, umri wa mwanangu.

“Shikamoo mzee. Kadi ya chanjo?”

“Marahaba. Sina.”

“Ameng’ata mtu?”

“Mtoto wa jirani.”

“Mtoto yuko hospitali?”

Nikanyamaza. Binti akaweka kalamu chini. “Mzee, mbwa wako anaweza kunisubiri. Huyo mtoto hawezi.”

Ndipo akanipa somo ambalo nilipaswa kulijua siku nyingi. Kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate. Mbwa akikung’ata, kirusi kinaingia kwenye jeraha na kutambaa polepole kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo. Safari hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi, na muda huo ndio nafasi ya kumwokoa mtu. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kushindwa kumeza, karibu kila mgonjwa anakufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 kila mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaong’atwa na mbwa anayeshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Wakati dawa yake si ngeni! Julai 1885 kule Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameng’atwa na mbwa, na mtoto yule akapona. Miaka yote hiyo imepita, mimi Tandika nadanganya habari za kadi.

Nilirudi mbio. Nikamkuta Mama Shani anafagia uwanja, nikamwambia ukweli wote. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniangalia tu, akasema, “Baba Neema, ungeniacha nimzike mwanangu kwa sababu ya aibu yako?”

Mpaka leo jibu sina.

Tukaenda hospitali pamoja. Mtoto akadungwa siku hiyohiyo, siku ya tatu, ya saba na kuendelea kwa ratiba aliyopewa. Zinachomwa begani. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za zamani, zisikutishe. Gharama nilibeba mimi, na kwa hela ile ningeweza kumchanja Hayawahusu mpaka azeeke.

Vijana wa mtaa walitaka kumuua mbwa. Daktari akakataa. Mbwa aliyeng’ata, kama anaweza kushikwa bila hatari, afungiwe na aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, maana yake mate yake hayakuwa na ugonjwa siku ile. Lakini mtoto hasubirishwi siku hizo 10, anaanza sindano palepale. Msomaji, nimewahi kuhesabu siku za mshahara na siku za mtihani wa mwanangu, ila sijapata kuhesabu siku kama zile. Kila asubuhi nachungulia: amekula? Amebweka sauti yake ileile? Anatoka udenda? Siku ya 10 akanitingishia mkia, nami mtu mzima nikatokwa na machozi.

Haya, ndugu yangu mwenye mbwa, shika kalamu. Mbwa achanjwe kichaa akifika miezi 3, halafu kila mwaka, na kadi uitunze kama cheti cha shule. Paka naye achanjwe, maana naye anaweza kukupa kichaa. Kampeni za chanjo zinapotangazwa mtaani kwako, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, usijifiche ndani. Dawa ya minyoo na ya kupe uliza kwa daktari wa mifugo, usipime kwa macho. Panadol usimpe paka hata kipande, ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimtupie mbwa, inapasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Maji safi yawepo kutwa. Mbwa usimfunge mnyororo kuanzia asubuhi mpaka jioni halafu ushangae amekuwa mkali. Na kama hutaki watoto wa mbwa, mpeleke akahasiwe. Kuwafunga vitoto kwenye kiroba ukavitupe jalalani ni dhambi, tena ndivyo mbwa wa mitaani wanavyozidi.

Na wewe uliyeng’atwa, hata kama ni mkwaruzo mdogo: sabuni na maji dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Neno la mwenye mbwa usilitegemee. Mimi ni shahidi.

Baada ya zile siku 10 nilimrudisha Hayawahusu akachanjwa. Binti daktari akachukua kadi mpya, akauliza jina la mbwa. Nikamtajia. Akacheka, akaandika, kisha akanirudishia kadi mkononi.

“Mzee,” akasema, “hili jina lifikirie upya. Yanawahusu sana.”

Mtoto wa Mama Shani amepona na mpira umerudi uwanjani. Mama Shani ananisalimia, ila kwa mkato. Namwelewa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.