Insha za mtoto zinapohamia kwenye jukwaa jipya



Juma lililopita wamama watatu wa kikundi cha akiba walituonyesha karatasi waliyopewa na masomo ya watoto wao. Inasema kwamba kuanzia mwezi ujao mazoezi ya kuandika, yaani dikte, muhtasari na insha, hayatatumwa tena katika kikundi cha WhatsApp. Yatahamia kwenye jukwaa jipya la intaneti. Kila mtoto atakuwa na konti yake, ataandika humo, na masahihisho yatatokea humohumo. Chini kuna mahali pa mzazi kutia sahihi. Wawili walikuwa wamekwisha kutia. Wa tatu alikuja na karatasi tupu, kwani telefone yake ni ile ya vibonyezo, na aliona haya kulisema mbele ya wengine.

Hatusemi mkatae. Kufundisha kuandika ndiyo kazi yetu ya kila siku, na tunajua shida yake iko wapi. Tangu masomo ya msingi ya serikali yawe bure, Septemba 2019, darasa la watoto sitini si jambo la kushangaza hapa kwetu. Hesabuni wenyewe: insha moja ikisomwa kwa dakika kumi, insha sitini ni saa kumi nzima, nje ya saa za kufundisha. Ndiyo maana kaye ya mtoto inarudi nyumbani na neno moja tu la biki nyekundu, «Vu», kama vile afisa wa mpakani amepiga mhuri. Mtoto hajui alikosea nini wala alifanya vizuri nini. Chombo kinachoweza kumwonyesha mara moja kwamba kitendo hakikupatana na mtendaji wake, au kwamba ameacha wingi, kinamsaidia yeye na mwalimu pia.

WhatsApp nayo imetuchosha. Wengi walianza nayo Machi 2020, masomo yalipofungwa nchi nzima juu ya Korona, na wakati ule ilituokoa. Lakini picha ya kaye inafika imegeuka upande, zoezi linafunikwa na matangazo ya harusi na pole za msiba, na ukitaka kuona insha ya Oktoba ili uilinganishe na ya Februari, utaitafuta mpaka chakula kiungue. Kwa hiyo kuhama ni sawa. Neno letu ni kwamba kuna kazi ambayo jukwaa haliifanyi, na kazi hiyo ikikosa mtu, mtoto atajua kuepuka makosa bila kujua kuandika.

Chukueni mfano huu. Mtoto wa darasa la sita anaambiwa aeleze siku asiyoisahau. Anaandika: «Baba alienda Kamituga. Mama aliuza mbuzi. Tulihama nyumba.» Mashine inapita juu ya sentensi hizo tatu na haioni kosa lolote. Herufi kubwa ziko mahali pake, nukta ziko, vitendo vimepatana. Pointi kumi juu ya kumi! Lakini mtu akisoma atauliza palepale: mbuzi aliuzwa kwa nini? Baba alirudi? Mlihama mkienda wapi, na nani alibeba vitu? Insha yote iko ndani ya maswali hayo, na mtoto hataiandika mpaka akutane na mtu anayetaka kujua. Katika masomo ya ualimu, hapa ISP, tulifundishwa kusahihisha makosa ya lugha kwa mpango mzuri sana. Hili la kumuuliza mtoto «kisha?» tulijifunza zaidi kwa bibi zetu, waliokataa hadithi isiyoeleweka.

Basi wamama, msomaji huyo anaweza kuwa wewe, hata kama hujui Kifaransa, hata kama hujui kusoma. Jioni mwambie mtoto akae karibu na jiko akusomee alichoandika. Kama ni cha Kifaransa, akueleze kwa Kiswahili au kwa Mashi sentensi kwa sentensi. Msimamishe unapopotea, na usimwambie «umekosea», mwambie «hapa sijaelewa, ni nani aliyekuja?» Atajibu kwa mdomo. Jibu lile alolitoa kwa mdomo aliandike. Dakika kumi zinatosha, na maharagwe hayaungui kwa dakika kumi. Njia hii inakuonyesha pia jambo lingine. Siku hizi kuna programu, kama ChatGPT iliyotokea mwisho wa 2022, ambazo zinaandika insha nzima mtoto akiziomba. Mtoto aliyeombewa insha na mashine hawezi kukuelezea kwa Kiswahili kilichomo. Atasoma vizuri sana, na ukiuliza swali la kwanza atatazama chini.

Sasa kuhusu kuhama kwenyewe. Nyumba za intaneti ni za kupanga, na mwenye nyumba anaweza kufunga mlango. Edmodo lilikuwa jukwaa kubwa la masomo, lilitumiwa na walimu wa nchi nyingi kutuma mazoezi na kupokea kazi za watoto. Tarehe 22 Septemba 2022 lilifungwa, na ambaye hakuwa ametoa kazi zake mapema hakuwa tena na pa kuzifuata. Hata bila jukwaa kufungwa, mambo yanapotea. Tunajua masomo moja ya hapa mjini iliyobadilisha jukwaa katikati ya mwaka. Insha za muhula wa kwanza zilibaki upande wa zamani, aliyekuwa na neno la siri alikuwa amekwisha kuhamia mji mwingine, na watoto wakaanza upya kama wageni. Kwa mtoto anayejifunza kuandika hiyo si hasara ndogo. Insha ya Oktoba, yenye makosa yake yote, ndiyo inayomwonyesha mwezi wa Tano kwamba amesonga mbele. Hakuna pointi inayomwambia hivyo.

Kwa sababu hiyo tunawaomba jambo moja kabla ya siku ya kuhama: kila insha iliyo ndani ya telefone ifike kwenye karatasi. Si kwa kuchapisha, maana kuchapisha ni franka. Mtoto azinakili kwa mkono katika kaye moja, na tarehe zake, na akiona kosa wakati wa kunakili alirekebishe kwa rangi nyingine. Kazi hii ina faida ya pili. Mtihani wa Serikali wa mwisho wa sekondari unaanza na disertasyo ya Kifaransa, na inaandikwa kwa biki juu ya karatasi, bila mashine ya kupiga mstari mwekundu chini ya neno baya. Mkono uliozoea kioo tu unachoka katika ukurasa wa kwanza.

Kuna kuhama kuzuri pia. Mwaka 2012 vijana wa Marekani, wale ambao leo ni shirika la Learning Equality, walitengeneza programu iliyoitwa KA Lite, ili masomo ya video yaonekane mahali pasipo na intaneti. Ilienea, lakini ilikuwa na mipaka: ilibeba masomo ya Khan Academy peke yake. Mwaka 2017 wakatoa nyingine, Kolibri, inayoweza kubeba vitu vya watu wengi. Kompyuta moja inawekewa masomo mara moja mahali penye intaneti, kisha inarudi darasani na kuyagawa kwa telefone na tablete zilizo karibu bila kula hata mega moja. Tunaitaja kwa sababu waliotengeneza toleo jipya walianza na swali la yule asiye na mtandao. Mkiwa mkutanoni na wakuu wa masomo, ulizeni bila woga: hili letu linafunguka bila intaneti? Na kama halifunguki, linakula mega ngapi kwa juma? Makampuni ya telefone huacha baadhi ya majukwaa yafunguke bila kukata mega kwa wenye laini zao. Ulizeni kama hili ni mojawapo.

Mama wa telefone ya vibonyezo ana haki ya jibu kabla ya kutia sahihi. Na si yeye peke yake. Kuna mama mwenye telefone nzuri, lakini anaondoka nayo saa kumi na mbili asubuhi kwenda kutafuta, anarudi jioni, SNEL imekata umeme, na telefone ina asilimia tano. Mtoto wake ataandika saa ngapi? Katika nyumba yenye telefone moja tunaona pia nani anaishika kwanza. Kaka anaandika insha yake huku dada anaosha vyombo, na zamu ya dada ikifika, moto umeisha ndani ya betri. Kisha masomo inaona kwenye jukwaa kwamba msichana «hafanyi kazi». Wekeni zamu, na ya msichana iwe ya kwanza siku mbili kwa juma angalau. Masomo nayo ikubali kaye kwa asiye na telefone, na pointi zilezile. Hili liandikwe juu ya karatasi yao, lisibaki neno la mdomo la direkta.

Kitu cha mwisho ni lugha. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na sheria ya elimu ya 2014 inazikubali lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Lakini fungua telefone yoyote iliyopangwa kwa Kifaransa, andika «nimekuja», utaona mstari mwekundu, na mara nyingine telefone inageuza neno lako kuwa kitu kisichojulikana. Mtoto mdogo akiona wekundu kila mahali anaamini kwamba lugha ya mama yake ni kosa. Dawa yake ni nyepesi: ndani ya mipangilio ya telefone, mahali pa lugha na klavia, ongezeni Kiswahili. Haizuii Kifaransa, zinakaa pamoja.

Na wakati mtoto ana nafasi, mwonyesheni African Storybook, jukwaa lililoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014. Humo kuna hadithi fupi zenye picha, nyingi kwa Kiswahili, za kusomwa bure. Kilichotupendeza zaidi ni kwamba humo mtu anaweza kutafsiri hadithi au kuandika yake mwenyewe. Kiswahili chake kingi ni cha Kenya na Tanzania, na watoto wetu wanacheka wakikuta «daftari» na «kalamu» mahali sisi tunasema kaye na biki. Wacha wacheke, kisha waambieni waandike yao, yenye Ruzizi na yenye sambaza. Wamama wawili wa Panzi wamekwisha kuanza: mmoja anasimulia, binti yake anaandika, na mama anamkatiza kila akiharakisha.

Siku ya Alhamisi, baada ya mkutano wa akiba, tutabaki saa moja kuonyeshana namna ya kuongeza Kiswahili ndani ya telefone na namna ya kufungua konti ya mtoto. Chajini telefone mapema, mje na kaye, na mje na karatasi ya masomo bila sahihi kama bado. Neno la siri la mtoto liandikwe nyuma ya jalada la kaye inayobaki nyumbani, lisitumwe katika kikundi.