Wajuzi waliponda, ukumbi ukaimba

Kuna watu kazi yao ni kutazama picha halafu kuisema. Mwaka 2008 wakaletewa Mamma Mia!, mchezo wa nyimbo za ABBA ulioanza jukwaani London mwaka 1999, sasa umetiwa kwenye sinema. Weee! Wengi waliiponda, eti hadithi nyepesi, kelele nyingi. Aliyekiona cha moto ni Pierce Brosnan, yule James Bond wa zamani. Kwa uimbaji wake alizawadiwa Razzie, ile tuzo ya kejeli ya waigizaji waliovurunda.

Watazamaji je? Wakapanga foleni. Picha ikaingiza zaidi ya dola milioni 600, na kule Uingereza ikaipiku hata Titanic kwa mapato. Yakawekwa maonyesho maalumu, maneno ya nyimbo yanapita kwenye skrini, ukumbi mzima unaimba!

Jamani, wajuzi hawakusema uongo. Sauti ya Brosnan ni ya bwana anayeimba bafuni, na watazamaji wanalijua hilo fika, ndiyo maana wanacheka. Kinachokera ni kuambiwa kwamba ukifurahia, basi hujui kitu. Mama aliyezicheza nyimbo hizo ujanani hakukata tiketi ili asahihishe sauti za watu. Kaenda na mashoga zake, kalia kidogo pale Meryl Streep anapomwandaa bintiye kwa harusi, katoka anacheka. Mjuzi atamwambia nini huyo?

Sehemu ya pili ilitoka 2018. Brosnan kaimba tena.