Hirzi, si Hirizi: Kuilinda Pikipiki Inayolala Nyumbani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Swahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'ad.

Ndugu Waislamu, huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona ukurasa uliozoeleka kuzungumzia twahara, swala na funga leo unazungumzia pikipiki. Mshangao huo utaondoka pindi mtu akikumbuka pikipiki ni nini katika maisha yetu. Tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji hapa Tanzania, chombo hiki kimekuwa shamba la vijana wengi wanaoswali katika safu zetu. Wengi wao wamekichukua kwa mkataba: kila siku au kila wiki humpelekea mwenye chombo hesabu yake, mpaka muda uliokubaliwa ukitimia kiwe mali yao. Kijana wa namna hiyo akiamka alfajiri akakuta siti imechanwa kwa wembe, waya zimekatwa na mchanga umetiwa tangini, hesabu ya siku hiyo haipungui, wala watoto wake hawaachi kuona njaa. Aliyeshika wembe ule hakuchana siti tu, amechana riziki ya nyumba nzima.

Yaliyotokea mtaani kwetu

Kilichotusukuma kushika kalamu ni tukio lililotokea katika msikiti wetu. Ndugu yetu mmoja alitoka kuswali Alfajiri, akaiendea pikipiki yake iliyolala pembeni mwa nyumba, nayo ikakataa kuwaka. Alipochungulia chini ya siti akaona waya zimekatika. Akakumbuka kwamba siku mbili kabla alikuwa amezozana na kijana wa nyumba ya pili, aliyemlalamikia kuwa anapiga resi usiku wa manane chini ya dirisha la mama yake mgonjwa. Ikawa hukumu imekwisha kutolewa. Ilipofika Adhuhuri jina la kijana yule lilikuwa katika kila kinywa, na ilipofika Alasiri watu walikuwa wamegawanyika makundi mawili: wenye kutaka ashikwe na kupigwa, na wenye kuchangishana fedha ili isomwe Halbadiri.

Waliposema wanafunzi wa madrasa ndio watakaosoma, tulikataa, tukaomba jambo moja tu: aitwe fundi kwanza. Fundi akaja, akaifungua siti yote, akatuonesha vipande vya matambara, kinyesi cha panya, na waya zenye alama za meno. Tunakiri mbele ya Allah (S.W.) kwamba hata sisi tulikuwa tumekwisha kuanza kumtazama kijana yule kwa jicho jingine. Waya zilitengenezwa kabla ya Magharibi. Kijana yule mpaka leo anaswali msikiti mwingine.

Hatusemi kwamba kila uharibifu ni wa panya. Wapo watu wanaoharibu kwa husuda, kwa kisasi, kwa ulevi, au kwa mzaha wa kijinga. Tunalosema ni kwamba Uislamu umetupa njia kamili ya kulinda mali, nasi tumeiacha, tukaandama dhana, ngumi na uganga.

Mfunge ngamia kwanza

Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amuache huru na kutawakali. Akaelekezwa amfunge kisha atawakali. Basi anayeiacha pikipiki barabarani usiku, ufunguo ukining'inia, kisha akasema amemuachia Mungu, huyo hakutawakali bali amezembea na kuupa uzembe wake jina la ibada.

Mafakihi wetu wana neno zuri katika mlango huu, nalo ni hirzi, yaani mahali ambapo mali ya aina fulani huhifadhiwa kwa desturi ya watu. Fedha hirzi yake ni sanduku na mbuzi hirzi yake ni zizi. Wengi wao walishurutisha kuwa hukumu ya kukatwa mkono haimpati mwizi mpaka awe ameichukua mali kutoka katika hirzi yake. Tazameni hekima ya sheria: haikumsamehe mwizi dhambi yake, lakini imemfundisha mwenye mali kwamba naye ana wajibu.

Hirzi ya pikipiki ni ipi leo? Ya kwanza ni ua wenye uzio na geti linalofungwa. Asiye na ua, na afukie pete ya chuma katika zege ukutani, apitishe mnyororo mnene katika rimu ya nyuma pamoja na fremu, kisha afunge kufuli. Asifunge gurudumu la mbele peke yake, kwa kuwa hilo hufunguliwa kwa spana. Mnyororo usilale chini, kwani kufuli lililolala juu ya sakafu ni jepesi kupigwa nyundo. Usukani ufungwe, koki ya mafuta ifungwe, na kifuniko cha tangi kiwe na ufunguo, ili anayetaka kunyonya petroli au kutia mchanga apate kazi. Bomba la moshi likishapoa, chombo kifunikwe turubai, maana jicho lisiloona halitamani. Taa moja inayowaka usiku kucha mahali pale ina faida kubwa, kwani mharibifu ni mtu wa giza.

Wapo wanaoiingiza ndani wanamolala watoto. Hapo tunatahadharisha. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto upesi, na nyumba zetu nyingi zina jiko la mkaa, mshumaa au koroboi. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha usiku tufunge milango kwa jina la Allah, tufunike vyombo na tuzime taa, akataja kwamba panya huenda akawasababishia moto watu wa nyumba. Dini iliyotuhadharisha na utambi wa taa haiwezi kuridhia tulale na tangi la petroli pembeni mwa kitanda. Kama hapana budi, basi iwe chumba cha peke yake, chenye hewa, kisicho na moto wala mtu aliyelala.

Tena asubuhi, kabla ya kupanda na kusoma dua ya safari, mtu akague breki, nati za magurudumu, tairi na taa. Waya wa breki uliokatwa usiku haudai siti mpya, unadai roho ya dereva na ya abiria wake. Na namba ya injini na ya chesisi ziandikwe mahali pengine pamoja na nakala ya kadi.

Hirizi na Halbadiri

Neno letu la Kiswahili hirizi limetokana na neno lile lile la Kiarabu, hirz. Asili yake ni ulinzi. Msiba ni kwamba tumeacha ulinzi wa kweli, yaani ukuta, kufuli na ujirani, tukabaki na kitambaa cheusi kilichoshonewa karatasi na kufungwa kwenye usukani. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bashir Al-Answariy (R.A.) kwamba katika safari moja Mtume (S.A.W.) alimtuma mjumbe atangaze kuwa usibaki shingoni mwa ngamia yeyote ugwe wa upinde ila ukatwe. Imam Malik alieleza kuwa walikuwa wakizifunga nyugwe hizo kwa kuogopa kijicho. Ngamia ndiye aliyekuwa chombo chao cha safari. Usukani wa pikipiki yako una tofauti gani na shingo ya ngamia yule?

Ama Halbadiri, tunasema kwa adabu kwa kuwa wapo wazee wetu wanaoitumainia. Watu wa Badr tunawapenda, na cheo chao kwa Allah (S.W.) ni kikubwa. Lakini wao wenyewe, katika Ramadhani ya mwaka wa 2 Hijria, walimuomba Allah peke yake, naye ndiye aliyewanusuru. Vipi sisi tuyafanye majina yao kuwa silaha ya kumwangamiza jirani kwa sababu ya waya? Kisomo kile kingesomwa mtaani kwetu, na kijana yule akaugua malaria wiki ile, nani angemsafisha jina lake? Aliyedhulumiwa anayo dua yake, haina pazia baina yake na Allah, wala haihitaji mchango wa fedha.

Haki ya jirani

Ukuta unazuia mkono, lakini ujirani mwema unazuia nia. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Jibril (A.S.) hakuacha kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani, mpaka akadhani kuwa jirani angefanywa mrithi. Basi tujiulize: pikipiki zetu zinawaudhi vipi majirani? Resi za saa saba za usiku, honi ya kumwita mkeo afungue mlango, moshi unaoingia dirishani kwa watu, chombo kilichozuia njia ya kupita wagonjwa na wazee. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, je, kuuweka ni katika nini? Hatusemi hivi kumhalalishia mharibifu, kwani kuudhiwa hakuhalalishi mali ya Mwislamu wala ya asiye Mwislamu. Tunasema kwamba yule ndugu yetu angeizima pikipiki hatua ishirini kabla ya dirisha la mgonjwa, akaisukuma, ugomvi usingekuwepo na dhana isingepata pa kushika.

Na nyinyi vijana mnaotoa upepo au kuficha plagi ya mwenzenu kwa mzaha, eleweni kwamba Abu Daud amepokea katazo la Mtume (S.A.W.) la kuchukua kitu cha ndugu yako, iwe kwa kucheza au kwa kudhamiria. Hakuna mzaha katika mkate wa mtu.

Aliyeharibu alipe

Je, mharibifu akithibiti? Sheria ya Kiislamu inamtaka adhamini alichoharibu. Katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, tumesimuliwa kisa cha Nabii Daud na Nabii Sulaiman (A.S.) walipohukumu juu ya shamba lililoliwa na kondoo wa watu. Neno la Kiarabu lililotumika, nafashat, lina maana ya wanyama kuingia malishoni usiku bila mchungaji. Wafasiri wameeleza kuwa Nabii Daud alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wale, na Nabii Sulaiman akaona wenye kondoo walihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi kwa muda huo. Allah (S.W.) akabainisha kuwa alimfahamisha Sulaiman hukumu ile, na kwamba wote wawili amewapa hekima na elimu.

Humo mna somo kubwa. Hukumu iliyosifiwa ni ile iliyorudisha shamba bila kumfilisi mtu. Kijana aliyechana siti anunue siti, alipe na hesabu za siku ambazo chombo kilisimama, na asiye na fedha afanye kazi mpaka deni liishe, kwa maelewano mbele ya wazee na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ikishindikana, vipo vyombo vya dola: kuharibu mali kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kumpiga mtu mawe na kumvika tairi linalowaka si sheria ya Allah wala si sheria ya nchi. Siti hushonwa siku moja, na roho ikitoka hairudi.

Tunapendekeza kila msikiti uwakutanishe waumini wenye pikipiki na majirani zao wote, hata wasio Waislamu, waafikiane mahali pamoja penye taa pa kulaza vyombo, zamu za ulinzi na saa za utulivu. Suratul-Maidah, aya ya 2, inatuamrisha kusaidiana katika wema na uchaMungu. Kufuli kumi za watu kumi haziwi kama macho ya mtaa mmoja.

Na tumebakiwa na deni moja. Ijumaa ijayo tumekubaliana, sisi na ndugu yetu mwenye pikipiki, kwenda kuswali katika msikiti anaoswali kijana yule, ili baada ya swala tumuombe radhi mbele ya watu, kama tulivyomtuhumu mbele ya watu. Tunamuomba Allah (S.W.) amlainishe moyo wake, atusamehe dhana zetu, amponye mama yake, na azilinde mali zetu kwa halali na ndimi zetu kutokana na dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq.