Tusiwaite wazembe

Aliyeandika kwamba wasio na bima ya afya ni wazembe hajamsikiliza kibarua wa viazi wa Molo, wala mama mboga wa Nakuru. Chini ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya awali nchini Kenya, asiye na ajira rasmi alilipa shilingi 500 kila mwezi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi yake, tarehe 1 Oktoba 2024, akatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya shilingi 3,600. Anayekula alichopata leo azitoe wapi?

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi kwa kawaida husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki. SHA imepanga shilingi 10,650 kwa kila kikao. Bima ikikatika kwa kukosa mchango huo, huuzwa ng'ombe, kisha shamba, kisha vikao vinarukwa na maji yanajaa mapafuni. Huyo ndiye mzembe?